Masihi, kitu cha kuokota na nge: walichosema marabi wa Kiyahudi juu ya mwisho wa dunia (uzi mrefu)

Mleta mada

Wakuu, habari za wakati huu.

Humu ndani haipiti miezi miwili bila mtu kutuletea mwaka wa mwisho wa dunia. Vita ikizuka Mashariki ya Kati, kesho yake uzi uko hewani: Danieli imefunguliwa, Ezekieli 38 imefunguliwa, hesabu imepigwa, jibu limetoka. Na ili tusibishe, mwandishi anamalizia kwa "hata Wayahudi wenyewe wanajua". Safari hii nimeona nisinyamaze. Mimi ni Mkristo. Talmudi, yaani mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi (walimu wa dini ya Kiyahudi), nimeisoma miaka kadhaa, mwanzo peke yangu, baadaye na mwalimu aliyenishika mkono kwenye Kiebrania na Kiaramu. Nataka niwawekee hapa walichosema marabi wenyewe. Ni mengi, yanapingana, na mengine yangeokoa watu tunaowafahamu kama yangewafikia mapema.

Naanza na nge.

Talmudi ya Babeli, kitabu cha Sanhedrin, jani la 97. Rabi Zeira aliwakuta wanazuoni wenzake wamekaa wanapigia hesabu siku ya kuja kwa Masihi. Akawaambia: nawaombeni, msimsogeze mbali. Tumefundishwa kwamba vitatu humjia mtu akili yake ikiwa kwingine: Masihi, kitu cha kuokota, na nge.

Huwezi kutoka nyumbani ukaaga kwamba leo naenda kuokota noti ya elfu kumi. Na aliyeumwa na nge ndani ya kiatu hakuingiza mguu huku akimsubiri. Kwa Rabi Zeira, kadiri mnavyozidi kukodolea macho kalenda ndivyo mnavyozidi kumchelewesha.

Ukigeuza jani hilohilo upande wa pili, maneno yanakuwa makali. Rabi Shmuel bar Nahmani, akimnukuu Rabi Yonatan, anatoa laana kabisa: "Ivimbe mifupa ya wanaopiga hesabu za mwisho!" Halafu anatoa sababu, na sababu hiyo ndiyo iliyonifungulisha uzi huu. Ningetegemea aseme kuhesabu ni kiburi, au ni kuchungulia siri za Mungu. Yeye alisema hivi: siku waliyoitaja ikifika na Masihi asifike, watu watasema, "Basi, haji tena." Hofu yake ilikuwa kwa wale watakaobaki siku ya pili yake, tumaini lao limekwisha. Akamalizia kwa neno la Habakuki: ajapokawia, mngojee.

Nakuja na sehemu ya pili: kwa nini walikuwa wakali hivyo.

Mdau wa kwanza

Nimeweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

Mleta mada

Shukrani mkuu. Tuendelee.

Mwaka 70 majeshi ya Roma chini ya Tito yaliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Kwenye kizazi kilichofuata viliandikwa vitabu vya ufunuo kama Ezra wa Nne na Baruku wa Pili: malaika wanaofafanua maono, tai mwenye vichwa vitatu, vipindi vya nyakati. Vitabu hivyo marabi hawakuvitunza. Vimetufikia kwa mikono ya makanisa, kwa Kilatini na Kisiria. Hilo peke yake linakuonyesha kwamba kuna jambo.

Jambo lenyewe lilitokea mwaka 132. Myahudi aitwaye Shimon alianzisha vita dhidi ya Roma, na mwanzoni akawa anashinda. Rabi Akiva, mwalimu aliyeheshimiwa kuliko wote wa kizazi chake, alimtazama akasema: huyu ndiye Mfalme Masihi. Akamsomea andiko la Hesabu 24:17, kwamba nyota itatokea katika Yakobo. Nyota kwa Kiaramu ni kokhba, ndipo watu wakamwita Bar Kokhba, mwana wa nyota. Hapo Rabi Yohanan ben Torta akamjibu Akiva jibu ambalo mimi kila nikilisoma nasimama kidogo: "Akiva, majani yataota mashavuni mwako, na mwana wa Daudi atakuwa bado hajaja."

Yaani utakuwa kaburini, nyasi zimeshakuota usoni, na bado.

Mwaka 135 ngome ya mwisho, Betar, ilianguka. Mwanahistoria wa Roma, Cassius Dio, aliandika kwamba waliouawa vitani walikuwa 580,000 na vijiji 985 vilifutwa. Wanahistoria wanabishana juu ya tarakimu hizo, lakini hata ukizikata katikati ni msiba usio na kipimo. Kaisari Hadrian aliugeuza Yerusalemu kuwa mji wa Kirumi, akauita Aelia Capitolina, na Wayahudi wakapigwa marufuku kukanyaga. Akiva mwenyewe aliuawa na Warumi.

Baadaye marabi walimwita yule shujaa Ben Koziva, mwana wa uongo. Barua zake zilizofukuliwa kwenye mapango ya jangwa la Yuda miaka ya 1950 na 1960 zinaonyesha jina lake halisi lilikuwa Shimon bar Kosiba, kwa hiyo walichofanya ni kupindisha herufi moja tu. Lakini kosa la Akiva hawakulifuta. Jina lake lipo, kauli yake ipo, jibu alilopewa lipo, vyote vimewekwa pamoja, na Akiva kabaki kuwa mwalimu wao mkubwa mpaka leo. Walitaka wanafunzi wajue kwamba hata mtu wa kiwango kile aliweza kukosea kwenye jambo hili.

Baada ya hapo walijenga uzio juu ya uzio. Kuna mafundisho kwamba Mungu aliwaapisha Israeli wasiufichue mwisho. Kuna simulizi ya Yonatan ben Uzziel, aliyewafasiri Manabii kwa Kiaramu. Alipotaka aendelee na Maandiko mengine, sauti ikatoka mbinguni: "Yatosha!" Kisa? Kwa sababu humo umo mwisho wa Masihi. Na kweli hadi leo kitabu cha Danieli hakina tafsiri ya kale ya aina hiyo. Kitabu ambacho sisi humu ndicho tunachokikimbilia kwanza, wao waliogopa hata kukigusa.

Halafu kuna hii ya Yakobo, ninaipenda sana. Mwanzo 49, mzee yuko kitandani anakata roho, anawaita wanawe: kusanyikeni, niwaambie yatakayowapata siku za mwisho. Isome sura ile mpaka mwisho. Siku za mwisho zenyewe hazionekani wazi popote. Unakuta baraka na makaripio ya baba kwa watoto wake. Marabi wakauliza, ile ahadi ilienda wapi? Wakajibu: alitaka kweli kuwafunulia, na hapohapo uwepo wa Mungu ukamtoka. Mzee akaingiwa na hofu, pengine kuna mtoto wangu aliyeharibika? Wanawe wakamjibu kwa pamoja: "Sikia, Israeli, Bwana Mungu wetu, Bwana ni mmoja." Israeli hapo ni baba yao, wanamwita kwa jina lake. Mzee akafa bila kuwaambia tarehe.

Mdau wa pili

Mkuu, nimekuelewa kwenye tarehe. Lakini dalili je? Sisi tuna Mathayo 24. Wao wana kitu kama hicho?

Mleta mada

Wanazo, tena za kutisha. Kwenye Mishna, mkusanyo uliokamilishwa karibu mwaka 200, mwishoni mwa kitabu cha Sota kuna kipande ambacho wataalamu wengi wanaona kiliongezwa baadaye. Kinaitwa "visigino vya Masihi", maana yake ni kipindi kile nyayo zake zinaanza kusikika. Nakiweka kwa Kiswahili changu:

Ufidhuli utaongezeka na bei zitapanda. Mzabibu utazaa matunda yake na divai itakuwa ghali. Hakutakuwa na wa kukemea. Nyumba ya kukutania wanazuoni itakuwa danguro. Galilaya itaharibiwa, na watu wa mpakani watatangatanga mji hadi mji bila wa kuwahurumia. Hekima ya waandishi itaoza, wacha Mungu watadharauliwa, kweli haitaonekana. Vijana watawaaibisha wazee, na wazee watasimama mbele ya wadogo. Adui za mtu ni watu wa nyumbani mwake. Uso wa kizazi ni kama uso wa mbwa. Basi tumtegemee nani? Baba yetu aliye mbinguni.

Tazama lile la mzabibu. Mvua imenyesha, shamba limezaa, na sokoni hushiki bei. Aliyeandika hivyo alikuwa mtu aliyetumwa dukani akarudi mikono mitupu. Mnyama wa vichwa saba hayumo humo kabisa. Kuna bei, kuna wakimbizi wasiopokelewa, kuna mtoto asiyemwonea haya baba yake.

Kisha wanafundisha juu ya miaka saba ya kumtangulia Masihi. Mwaka wa kwanza mvua inanyesha mji huu na kuuruka ule. Wa pili, mishale ya njaa. Wa tatu, njaa kuu, wanakufa wanaume, wanawake na watoto, na Torati inasahaulika. Wa nne, kushiba na kutoshiba. Wa tano, shibe kubwa na Torati inarudi. Wa sita, sauti. Wa saba, vita. Ukiisha wa saba, mwana wa Daudi anakuja.

Sasa sikia kinachofuata. Rav Yosef anainuka: miaka saba ya namna hiyo imepita mingi, na hajaja! Mwanafunzi wake Abaye anamjibu: je, mwaka wa sita zilisikika sauti na wa saba vikaja vita? Na je, vilikuja kwa mpangilio huo? Mjadala unaishia hapo, hakuna aliyetangazwa mshindi. Dalili zimeorodheshwa, na papo hapo mmoja wao anauliza mbona tumeshaziona na hakuna kitu. Nimehudhuria mikutano mingi ya injili tangu utotoni, swali la Rav Yosef sijawahi kulisikia likiulizwa kwa sauti.

Mdau wa Mombasa

Assalaam alaykum nyote. Sheikh, nashukuru kwa darasa. Sisi huku tumelelewa kwa visa vya Masihi Dajali na Yajuju na Majuju. Je, hao kwa Mayahudi wapo?

Mleta mada

Waalaykum salaam ndugu yangu. Wapo, ila wa kwanza kwa jina jingine.

Yajuju na Majuju ndio Gogu na Magogu wa Ezekieli 38 na 39. Rabi Akiva alisema hukumu yao ni ya miezi 12. Marabi wanawataja mara nyingi, kwa ufupi hivyohivyo.

Dajali wao anaitwa Armilos, na kwenye Talmudi humkuti. Anajitokeza kwenye Kitabu cha Zerubabeli, kilichoandikwa kwa Kiebrania mwanzoni mwa karne ya 7. Tazama miaka yenyewe: mwaka 614 Waajemi waliutwaa Yerusalemu kutoka kwa Warumi wa Mashariki, na miaka kama 15 baadaye Kaisari Heraclius akaurudisha. Wayahudi waliona dunia inapinduka mara mbili ndani ya kizazi kimoja, na vile vizuizi vyote vya marabi vikapasuka. Kitabu hiki kinataja majina kabisa. Masihi wa kwanza, wa ukoo wa Yusufu, ni Nehemia ben Hushieli, naye anauawa na Armilos, ambaye mama yake ni sanamu ya jiwe huko Roma na baba yake ni Shetani. Masihi wa pili ni Menahem ben Amieli wa ukoo wa Daudi, anamuua Armilos kwa pumzi ya kinywa chake. Na yumo mama, Hefsiba, mama wa Menahem, anayepigana akiwa na fimbo mkononi. Mimi humkumbuka yeye kuliko wote.

Yule Masihi wa Yusufu kuuawa lilikuwa jambo linalojulikana tangu Talmudi, kitabu cha Suka, jani la 52. Kuna maombolezo makubwa kwenye Zekaria 12, wanaulizana: analiliwa nani? Mmoja anasema, Masihi mwana wa Yusufu aliyeuawa. Wengine wanasema, hapana, linaliliwa lile pepo la uovu lililomo ndani ya mtu, siku Mungu atakapolichinja. Wenye haki watalitazama waone lilikuwa kama mlima mrefu; waovu watalitazama waone lilikuwa kama unywele. Wote watalia. Hawa watasema, tuliushindaje mlima kama huu? Na wale watasema, tulishindwaje na unywele?

Lingine litakalokugusa. Baada ya Waarabu kuingia Palestina, kiliandikwa kitabu cha Siri za Rabi Shimon bar Yohai. Humo malaika anamwambia rabi asiogope: Mungu anauleta ufalme wa Ishmaeli ili awaokoe na ule mwovu, yaani Edomu, jina ambalo marabi waliipa Roma. Wapo Wayahudi waliouona ujio wa Uislamu kama mlango wa ukombozi wao.

Mdau wa tatu

Mkuu, nilisoma mahali kwamba Wayahudi wanaamini dunia itaisha mwaka 6000 wa kalenda yao. Hiyo si tarehe?

Mleta mada

Umegonga penyewe. Sanhedrin 97 tena: dunia itadumu miaka 6000. Miaka 2000 ya ukiwa, 2000 ya Torati, 2000 ya zama za Masihi. Mwaka 6000 wa kalenda yao utaanza mwaka 2239, kwa hiyo mwenye kalamu anaweza kujisikia ameokota dhahabu.

Lakini piga hesabu vizuri. Hizo 2000 za mwisho zilitakiwa kuanza karibu mwaka 240 wa zama zetu. Na maandiko yenyewe hayafichi, yanaendelea palepale: "kwa sababu ya dhambi zetu zilizozidi, imepita miaka iliyopita." Wakati wanaandika walishajua hesabu imegoma. Ndiyo maana rabi mmoja aliyeitwa kwa kifupi Rav anatamka: "Miisho yote imekwisha kupita, sasa jambo limebaki kwenye toba na matendo mema."

Humohumo kuna hesabu nyingine, ya yubile 85, na yubile ni miaka 50. Kwa kalenda yao yubile ya mwisho inaangukia kati ya mwaka 440 na 490. Sasa, katika karne hiyohiyo ya 5, mwanahistoria wa kanisa aitwaye Socrates anasimulia habari ya kisiwa cha Krete. Mtu mmoja alizunguka mji hadi mji akijiita Musa, akiahidi kuwavusha Wayahudi baharini kwa miguu hadi nchi ya ahadi. Watu wakaacha shughuli, wakatelekeza mali. Siku ilipofika akawapeleka kwenye genge juu ya bahari, akawaambia rukeni. Wa mbele wakaruka. Wengine walipasuka kwenye miamba, wengine walizama, na waliosalia waliopolewa na wavuvi Wakristo waliokuwa karibu. Wakageuka kumtafuta Musa wao, hayupo.

Sasa ile sababu yangu.

Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa na shamba la michungwa Muheza. Nilikuwa kidato cha pili. Mhubiri mmoja alikuja akafunga turubai, akakaa wiki mbili, akataja mwezi na mwaka. Mama mkubwa si mtu wa kudanganywa kirahisi. Alikuwa mweka hazina wa kikundi chao cha akina mama na hesabu zake hazikupishana hata shilingi. Aliliuza shamba kwa bei ya kutupa. Nyuma ya nyumba ilibaki miche ya msimu unaofuata, kama mia mbili, kwenye viriba, imepangwa mistari chini ya kivuli cha makuti. Hakuna aliyeimwagilia tena. Nilipokwenda likizo niliikuta imekauka wima, majani yamejikunja kama tumbaku. Nilishika mmoja ukakatika mkononi kwa mlio.

Siku ile ikafika, ikapita. Mama mkubwa alijifungia ndani siku tatu. Alipotoka hakulilia shamba. Aliniambia, "Mwanangu, kumbe haji." Miaka minne hakukanyaga kanisani, na hata kuombea chakula aliacha.

Maneno hayohayo, wakuu. Niliposoma laana ya Rabi Yonatan mara ya kwanza nilikuwa ndani ya daladala, nikapitiliza kituo changu. Tulikuwa na vifo vya waumini wa Kanungu, Uganda, Machi 2000. Tukawa na Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni. Kila mara tunazungumza juu ya waliokufa, na ni haki. Mimi nawafikiria pia wale walioamka asubuhi iliyofuata.

Mdau wa kwanza

Pole sana mkuu. Hii imenigusa, bibi yangu naye yalimkuta.

Mleta mada

Asante mkuu, poleni na ninyi.

Niongeze jambo moja juu ya miche. Rabi Yohanan ben Zakkai alikuwa hai Yerusalemu ulipoungua mwaka 70. Inasimuliwa alitolewa mjini ndani ya jeneza ili akaokoe mafundisho. Mtu huyo ndiye imehifadhiwa kwa jina lake kauli hii: "Ukiwa na mche mkononi, nao wakikuambia, huyu hapa Masihi, njoo panda mche kwanza, kisha utoke ukampokee."

Mdau wa Mombasa

Subhanallah! Sheikh, hii tunayo. Imepokewa na Imam Ahmad kutoka kwa Anas bin Malik, Mtume (s.a.w.) amesema: Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi mwake, basi akiweza kuupanda kabla hakijasimama, na aupande. Marehemu babu alikuwa akitusomea kila tukienda shambani kutia minazi.

Mleta mada

Nilikuwa nangoja mtu wa kuileta hadithi hiyo, maana si langu kuifundisha. Ahsante sana.

Mdau wa pili

Kwa hiyo mkuu, kwao dunia inaisha au haiishi? Na huyo Masihi kwa sasa yuko wapi?

Mleta mada

Hapo sisi wengi tunachanganya mambo mawili. Wao wanatenganisha siku za Masihi na ulimwengu ujao. Mwanazuoni mwingine, aitwaye Shmuel tu, alifundisha kwamba hakuna tofauti kati ya dunia hii na siku za Masihi isipokuwa moja tu, kutoka chini ya tawala za mataifa. Jua litachomoza kama kawaida, maskini watakuwepo. Rambam (Maimonides), mwanazuoni mkubwa wa sheria ya Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, alilichukua fundisho hilo akaliandika kwenye sheria zake za wafalme, na akaonya watu wasizame kwenye simulizi za mwisho. Wengine waliona makubwa zaidi, karamu ya nyama ya Lewiathani na kadhalika. Na muda? Mmoja anasema siku za Masihi ni miaka 40, mwingine 70, mwingine vizazi vitatu. Rabi mmoja, Hillel, alifika mahali pa kusema Israeli hawana tena Masihi, walishamla siku za mfalme Hezekia. Rav Yosef akasema, "Bwana wake amsamehe." Hawakumfukuza, na neno lake halikufutwa.

Alipo? Sanhedrin 98.

Rabi Yehoshua ben Levi alimkuta nabii Eliya amesimama kwenye mlango wa pango la Rabi Shimon bar Yohai. Akamuuliza, Masihi anakuja lini? Eliya akajibu, nenda kamuulize mwenyewe. Amekaa wapi? Langoni mwa Roma. (Nakala zilizochapwa zinasema "langoni mwa mji", za mkono za kale zinataja Roma, mji uleule ulioteketeza Hekalu.) Nitamjuaje? Amekaa kati ya maskini wenye vidonda. Wote hufungua vitambaa vyao vyote kwa mara moja, wakaosha, wakafunga. Yeye hufungua kimoja, akakifunga, ndipo akafungua kingine. Anasema moyoni: huenda nikaitwa, nisije nikachelewa.

Rabi akaenda. Akamwambia, "Amani kwako, bwana wangu na mwalimu wangu." Akajibiwa, "Amani kwako, mwana wa Levi." "Bwana unakuja lini?" "Leo."

Akarudi kwa Eliya. Alikuambiaje? Aliniambia, amani kwako mwana wa Levi. Eliya akasema, hapo amekuhakikishia wewe na baba yako ulimwengu ujao. Rabi akasema, lakini amenidanganya, aliniambia anakuja leo, na hakuja. Eliya akamjibu: alikusomea Zaburi ya 95. "Leo, kama mtaisikia sauti yake."

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kinachonishika ni vile vitambaa. Waliokaa pale lango moja wote ni wagonjwa, ana vidonda kama wao. Tofauti yake ni namna anavyofunga.

Mdau wa tatu

Kwenye jani hilo nimewahi kusikia kuna rabi aliyesema hataki kumwona Masihi. Ni kweli?

Mleta mada

Ni kweli, anaitwa Ulla. "Aje, na mimi nisimwone." Rabba naye alisema hivyohivyo. Waliogopa kile wanachokiita utungu wa Masihi, taabu za kumzaa zama mpya. Abaye akamuuliza Rabba, unaogopa nini? Si tumefundishwa kwamba anayetaka kuokoka na utungu huo ashike Torati na matendo ya hisani? Rabba akajibu kwamba pengine dhambi ingemponza. Jibu la mtu mwaminifu.

Rav Yosef, yuleyule wa lile swali gumu, mzee aliyekuwa amepofuka macho, akasema kinyume chao: "Aje, na mimi nijaliwe kukaa kwenye kivuli cha kinyesi cha punda wake."

Mdau wa kwanza

Samahani mkuu, kabla hujafunga. Mama mkubwa yuko wapi sasa?

Mleta mada

Yupo, mkuu, Muheza palepale. Mjomba alimkatia robo eka pembeni ya shamba lake. Kanisani alirudi mwenyewe, hakuna aliyemshawishi, na sijamuuliza.

Nilimtembelea mwezi uliopita. Nilimkuta nyuma ya nyumba amekaa kwenye kigoda, viriba vimemzunguka. Alikuwa amebebesha vikonyo vya michungwa kwenye milimau na vilikuwa vimeshika, sasa anafungua zile nailoni. Anafungua mmoja, anautazama jeraha lake, anaukalisha, ndipo anashika mwingine. Nilitaka kumsaidia nikaanza kufungua mitatu kwa pamoja. Akanipiga kidole, akasema nitaiumiza, niende nikachote maji.